Kizibo cha Rejeta ya Baba

Yule muuza spea aliniambia, "Inaingia, dada, tena bila wasiwasi." Aliyasema hayo huku anatafuna karanga, bila hata kuitupia jicho rejeta ya zamani niliyombebea kwenye kiroba ili ailinganishe. Nikamwomba aziweke bega kwa bega azipime. Akacheka. "Gari lako au la mzee?" Nikamwambia la mzee, na mzee amefariki. Hapo akaacha kutafuna, akanipa pole ya heshima kabisa, halafu akanifungia kwenye boksi rejeta isiyoingia.

Nilifika nayo nyumbani kwa baba, Ipuli, hapa Tabora mjini, nikaishusha mbele ya injini ya pikapu pale uani, na papo hapo nikajua nimepigwa. Ilikuwa pana kuliko nafasi yake. Masikio ya kupitishia bolti yalikuwa juu mno. Bomba la chini, ambalo linatakiwa kutazama pembeni, lilitazama feni moja kwa moja. Nikaisukuma hivi, nikaisukuma vile, ikagoma. Nikampigia yule bwana. "Dada, hiyo unaibana kidogo tu," akasema. Nikamuuliza, naibana wapi? "Kidogo tu," akasema tena, simu ikakatika, na nilipopiga mara nyingine haikupokelewa. Kwenye boksi alikuwa amebandika karatasi yenye herufi kubwa: kitu kikishatoka dukani hakirudi. Nikatukana. Sitayaandika niliyoyatukana kwa sababu najua mama atasomewa haya.

Mtu atasema, si ungekwenda gereji? Gereji nilikwenda. Fundi alitaka gari lilale kwake mpaka wiki inayofuata, na mimi nilikuwa na mpaka Jumapili tu. Huo mpaka aliuweka kaka yangu mkubwa, na ngoja niueleze, maana bila huo nisingegusa spana.

Tangu tumzike baba, mwanzoni mwa kiangazi, mama alikuwa anakaa kwa kaka, Gongoni. Kukaa ni neno la adabu. Alipewa chumba cha nyuma pamoja na magunia ya unga ya wifi, na kazi yake kutwa nzima ilikuwa kukalia kiti cha plastiki na kuulizwa kama amekula. Mama yangu! Mwanamke aliyelima Ntalikwa maisha yake yote, mwenye karanga zake, viazi vyake na kuku wake, leo anasubiri kuulizwa kama amekula! Kila nilipokwenda kumsalimia alinishika mkono na kuniuliza lile lile: mvua ziko karibu, shamba langu nani analisafisha?

Kaka alikuwa na jibu lake. Mama akiugua kule shambani, nani atamleta hospitali? Gari si limekufa? Na alishapata mtu wa skrepa wa kulibeba Jumapili jioni. Nikasema nitalitengeneza. Akacheka mbele ya mkewe. "Wewe na cherehani yako?" Nikamwambia ndiyo, mimi na cherehani yangu. Basi tukakubaliana mbele ya mama: Jumapili gari likifika Ntalikwa bila kuchemsha, mama anarudi kwake moja kwa moja, na mimi nitalitunza kwa ajili ya dharura. Likichemsha, linauzwa, na mama anabaki Gongoni. Mama alinitazama tu.

Gari lenyewe liliuawa siku ya msiba, na hasira zangu zinaanzia hapo.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu mababu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, wakilala kwao, wakila kwao, na wengine wakizikwa huko huko. Mtani hakasirikiwi. Akija msibani anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anamtukana kwa jina, halafu anakamata kitu na kutangaza kwamba maiti haitoki mpaka yeye akombolewe. Unamkomboa kwa kuku, au kanga, au hata soda kama huna kitu. Watu wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, kitu kinarudishwa, safari inaendelea. Mtoto wa Tabora anakua anayaona hayo, hafundishwi.

Mtani wa baba alikuwa mzee mmoja Mzaramo wa Gongoni, aliyeletwa huku na kazi ya reli akiwa kijana na asirudi kwao tena. Baba alimwita mla vya watu. Yeye alimwita baba mpagazi wangu. Kila Jumamosi walikaa pamoja wakitukanana mpaka jua linazama, na mgeni asiyejua angewahi kuita polisi.

Siku ile jeneza lilikuwa limeshapakiwa kwenye pikapu, pikapu ya baba mwenyewe, tukampeleke kuzikwa shambani kwake. Mzee akatokea amevaa koti la baba kinyumenyume. Akafungua boneti, akazungusha kizibo cha rejeta, akaking'oa, akakiinua juu. "Mpagazi wangu haendi popote! Akienda huyu nani atanibebea mzigo?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama alitabasamu, nilimwona kwa macho yangu. Na kaka, aliyekaa Dar miaka mingi juu ya ardhi ya Wazaramo hao hao, akarudi na suti, akashindwa kumtambua mtani aliyesimama mbele ya pua yake. Akamwita mlevi. Akamsukuma. Akasokomeza tambara kwenye mdomo wa rejeta, akapanda, akawasha, akaondoka na baba. Sisi wengine tukakurupuka, huyu kwenye gari hili, yule kwenye lile, bila utaratibu, tukimfuata.

Lilichemka kabla hatujafika nusu ya njia. Tulisimama tukamwagia maji, likaenda, likachemka tena. Tulimzika baba huku gari linatokota nyuma yetu. Tangi la juu la rejeta lilipasuka. Injini, namshukuru Mungu, ilipona. Tangu hapo kaka akawa anamlaumu mtani, wazee wa ukoo wanamlaumu kaka, na mimi nina hasira na wote wawili, ila za mtani ilibidi nizimeze, maana mtani hakasirikiwi.

Basi. Nilifunga kibanda changu cha kushonea, nikavaa suruali ya zamani ya baba na kujifunga kanga juu yake, nikaingia kazini.

Nguo ikikataa kukaa begani, hukati bega la mtu. Unafumua, unapima upya, unaongeza kipande. Nikachukua boksi la yule bwana, pamoja na karatasi yake ya ujeuri, nikalikata kwa mkasi wa kitambaa na kutengeneza vielelezo vya masikio mapya, vile vile ninavyokata karatasi ya kola kabla ya kugusa kitambaa cha mteja. Nikavijaribisha mpaka vikakaa. Kisha nikavichora juu ya chuma cha kitanda kibovu kilichokuwa nyuma ya banda la kuku. Baba hakutupa kitu. Makopo yake ya bolti yalijaa uvunguni, na kila nilipokosa bolti ilikuwa humo.

Nilikata kile chuma kwa msumeno, nikakitoboa, nikakigonga juu ya jiwe la kufulia mpaka kikakunjika nilivyotaka. Majirani wakaja kuchungulia. Mmoja akaniuliza kama wateja wa nguo wameisha mjini. Mwingine akasema kazi hizi zina wanaume wake. Nikamwambia amlete huyo mwanaume nimpe msumeno. Wapi! Hakumleta.

Bomba la chini nililidanganya kwa kukata mpira wake katikati na kuuunganisha kwa kipande cha mguu wa kiti cha chuma, klipu huku na klipu huku, ukapinda ukaipita feni. Lakini feni yenyewe ikawa inakwaruza mbavu za rejeta. Hakuna namna, rejeta ilitakiwa isogee mbele, na mbele kulikuwa na ukingo wa bodi. Hapo nilisimama muda mrefu na msumeno mkononi. Rejeta ningeikatakata kama sukumawiki nisijali. Ukingo ule ulikuwa wa baba. Gari lile alilipaka rangi mwenyewe, kwa brashi, ile rangi ya kijani iliyobaki walipopaka milango ya kanisa. Nikasaga meno, nikakata. Vumbi la kijani likanidondokea kwenye kanga. Nililia, na nisidanganye, sikulia kwa huzuni. Nililia kwa hasira. Mtu mmoja huko alikotengeneza kile kitu alishindwa kupima. Mwingine hapa mjini akashindwa kulinganisha. Mwingine, damu yangu mwenyewe, akashindwa kumkomboa mzee kwa kuku. Uzembe wao wote umekuja kuishia hapa, na anayelipasua gari la baba ni mimi!

Ijumaa kaka akaandika kwenye grupu la familia: "Fundi wetu anaendeleaje?" Akaweka na vikatuni vya kucheka. Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika fupi, baya zaidi, nikalifuta hilo nalo. Nikatuma picha ya rejeta imekaa mahali pake, imefungwa kila bolti, na mpira wa tyubu chini yake ili isitetemeke. Hakuna aliyecheka tena.

Jumamosi asubuhi nikajaza maji, nikawasha. Likawaka! Feni ikazunguka bila kugusa kitu, bomba la chini halikuvuja hata tone. Nikaanza kuimba. Halafu maji yakapata moto, na chini ya kizibo kukaanza kutoka mvuke, fyuuu, mshale wa joto ukapanda, nikazima haraka.

Rejeta ilikuja bila kizibo. "Utatumia chako," alikuwa ameniambia yule bwana, na changu kwa kuwa hakikuwepo nilikuwa nimenunua kingine kwake. Nikarudi kwake. Akaniuzia kingine, hakikufunga. Nikaenda duka jingine, nikapewa kilichofunga lakini kikavuja vile vile. Ajabu ya kifaa kile, mdomo ndio kitu pekee walichoiga sawasawa. Ulikuwa mdomo wa rejeta ya zamani, wenye kina chake, na vizibo vyote vya mjini vilikuwa vifupi. Nilijua kabisa ni kizibo gani kingekaa. Nilizunguka maduka yote ya Gongoni nisikubali kwamba najua.

Mwisho nikaingia kwa mama, nina grisi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kwenye kiti chake, anakula matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, alivyoletewa na jirani yake wa shambani.

"Limekataa?" akauliza.

"Limekubali, mama. Limebaki kizibo."

"Kizibo kiko kwa mtani."

"Najua kiko kwa mtani."

"Sasa mbona umekuja kwangu?"

Nikatoka bila kuaga. Nyumba ya mzee haikuwa mbali na ya kaka. Nilimkuta barazani na redio yake, amevaa koti la baba, safari hii upande wake unaostahili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mpagazi. Mzigo wangu umeuacha wapi?"

"Nimefuata kizibo."

"Kizibo bila ukombozi? Haya, beba hilo debe la maji mpaka pale ukutani na kurudi, nione kama nyie watu bado mna migongo."

Siku nyingine ningemjibu abebe mwenyewe, Wazaramo wamezoea kucheza ngoma na kula vya wenzao, naye angefurahi. Siku ile nikalipuka. Nilimwambia ameliua gari la baba. Nilimwambia ametuaibisha mbele ya jeneza. Nilimwambia mama yangu analala na magunia ya unga kwa sababu ya mzaha wake, na kesho akifungiwa humo moja kwa moja, ajue ni yeye. Nilisema kwa sauti ya kweli, ile ambayo mtani hasemwi nayo. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo jirani akaacha kuanika.

Mzee hakunirudishia utani. Alizima redio. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kizibo. Kilikuwa kinang'aa. Kutu yote ilikuwa imekwisha kwa kushikwashikwa.

"Mimi nilikuwa namchelewesha tu," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Kaka yako angenipa hata kibiriti, ningekirudisha pale pale, ningepanda nyuma na jeneza, nikamzike rafiki yangu. Akanisukuma, akaondoka. Sasa ningemfuata vipi, na mali yake iko mfukoni mwangu? Mtani akiondoka na kitu bila kukombolewa si mtani tena, ni mwizi. Nilibaki uani kwenu nimekishika mpaka akina mama wa jikoni wakaniuliza kama nina njaa." Akakitazama kizibo. "Mimi sijamzika baba yako, mwanangu."

Hakuniita mpagazi. Nilipiga goti pale pale barazani, na grisi yangu. Miezi yote ile nimekaa na hasira na mtu huyu, na hata mara moja sikujiuliza alikuwa wapi sisi tulipokuwa tunatupia udongo. Na msidhani hasira ziliisha. Zilihama tu, zikamwacha yeye, zikaenda zote kwa kaka.

"Nikukomboe kwa kitu gani, babu?"

"Nibebe," akasema. "Kesho. Mpaka kaburini."

Nikamwambia atakaa mbele na mama. Akasema tangu lini mpagazi akampangia bwana wake pa kukaa, yeye atakaa nyuma, mahali alipotakiwa kukaa siku ile. Akaniwekea kizibo mkononi.

Jumapili, baada ya ibada, mama alitoka kwenye chumba cha nyuma amebeba kila kilicho chake, mpaka kiti cha plastiki. Wifi akasema si mnakwenda kujaribu tu? Mama akaendelea kupakia. Kaka ilibidi aje kushuhudia, na kwa kuwa mbele kulijaa mimi, mama na mafurushi, akapanda nyuma na suti yake ya kanisani, uso kwa uso na mtani. Kwenye kioo niliona midomo ya mzee tu ndiyo inakwenda, njia nzima. Mama hakutazama nje hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto, na kila tulipopanda kilima aliukunjia uso kana kwamba ni mtoto anayetaka kuinuka asiporuhusiwa. Mshale ulifika katikati, ukakaa. Tuliingia Ntalikwa bila tone la maji kumwagika.

Mzee alishuka kabla sijazima injini, akaenda kaburini peke yake. Mama akafungua mlango wa nyumba yake. Kaka akafungua boneti. Akainama, akachungulia, akapitisha kidole chini ya bomba langu la mguu wa kiti, akakitazama kidole. Kikavu. Akajipangusa kwa leso.

"Sawa," akasema. "Lakini hii ni safari fupi. Mvua zikianza, na matope haya, litachemka tu. Mama, tupumzike kidogo, turudi wote, tukalizungumze vizuri nyumbani."

Nyumbani! Nilikuwa na spana mkononi, na namshukuru Mungu niliitupa chini. "Tulikubaliana!" nikapiga kelele. "Mbele yake! Wewe mwenyewe kwa mdomo wako!" Kaka akasema nisimpandishie sauti, yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye anayebeba lawama mama akipatwa na jambo. Mama alisimama mlangoni mwake, ufunguo mkononi, anatutazama kama tulivyokuwa wadogo tukigombania ubwabwa.

Hatukumwona mzee anarudi. Alikuja na vumbi jekundu magotini, macho mekundu vile vile. Injini ilikuwa imeshapoa. Akavuta mkono wa koti la baba mpaka kwenye vidole, akainama ndani ya boneti, akazungusha, akakiinua kizibo juu.

"Mama huyu haondoki!" akatangaza, hakuna mtu mwingine uwanjani ila sisi na kuku. "Akiondoka huyu nani atampikia mpagazi wangu? Haondoki mpaka nikombolewe!"

Safari hii kaka alimtambua. Lazima nimpe haki yake, aliingiza mkono mfukoni haraka, uso umemshuka, kama mtu aliyengoja nafasi ile ya pili tangu msiba.

"Toa mkono mfukoni," mama akasema.

Kaka akamtazama.

"Leo mtu asimkomboe."

Mama akaingia ndani, akatoka na jembe, akatuacha tumesimama. Mzee akakiweka kiti cha plastiki mbele ya gari, akakaa, kizibo kwenye mfuko wa koti. Mimi na kaka tulirudi mjini kwa bodaboda moja, mshikaki, mimi katikati na yeye nyuma na suti yake.